Bomba jipya la jiko linanuka: usiulize linanuka kama nini tu, uliza linanuka saa ngapi

Swali: "Fundi habari za kazi. Nimefungiwa bomba jipya la moshi kwenye jiko langu la kuni, hii ni wiki ya tatu. Ndani ni bomba jeusi la chuma tupu, linapanda kama mita moja na nusu, linapiga kona, linatoboa ukuta alafu linapanda kwa nje mpaka juu ya paa. Siku za kwanza lilinuka rangi nikaambiwa ni upya tu, na kweli imepungua. Ila nikichochea moto mkubwa inakuja harufu kama plastiki inaungua na hiyo haiishi. Asubuhi nako jiko limezima kabisa, sebule inanuka masizi, hasa nikiwasha feni ya jikoni. Na juzi nimeona kitu cha kahawia kinachuruzika kwenye kiungo cha bomba. Nina mtoto mdogo. Nisubiri iishe yenyewe au nifanyeje?"

Nzuri dada yangu, na pole. Naanza na jibu kabla ya maelezo maana una mtoto ndani: usisubiri, na usiwashe tena hilo jiko mpaka mtu awe ametoa kile kisahani cha bati kinachoziba tundu la ukutani akaona nyuma yake kuna nini. Hiyo harufu ya plastiki isiyoisha ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote ulizotaja. Zingine tutazimaliza taratibu.

Watu wengi wakiniuliza habari ya harufu wananiambia inafanana na nini, inanuka kama plastiki, kama samaki, kama lami. Inasaidia, lakini pua zinatofautiana, mmoja anaita plastiki mwingine anaita rangi na ni kitu kilekile. Mi kitu cha kwanza nauliza inakuja saa ngapi, jiko likianza kushika, likiwa limewaka sana, au likiwa la baridi kabisa. Alafu nauliza kama kila ukiwasha inapungua au iko palepale. Harufu ya upya inapungua kila moto, haina namna nyingine, maana kinachonuka ni kitu kinachokwisha. Harufu ya kosa haipungui kwa sababu kosa bado lipo. Wewe umeshajibu hayo yote kwenye swali lako bila kujua, ndio maana naweza kukusaidia hata kama sijaliona jiko lenyewe. Na unavoeleza hapo una harufu 3 tofauti, zinatoka sehemu 3 tofauti, kwaiyo usizichanganye.

Ya rangi kwanza, hiyo fundi wako alikuambia kweli. Mabomba meusi ya jiko yanapakwa rangi ya kuhimili joto yenye silikoni, na rangi hiyo ikitoka kiwandani imekauka tu kwa kuishika, haijaiva. Inaiva ikipata joto la zaidi ya nyuzi 200, na ikiwa inaiva inalainika kidogo, inatoa moshi mwembamba na harufu kali ya kuchoma macho, alafu inakauka moja kwa moja na hainuki tena. Utaratibu mzuri ni kuwasha moto mdogo mara ya kwanza, wa kati mara ya pili, mkubwa mara ya tatu, kila mara uache jiko lipoe kabisa, madirisha yote wazi, watoto na wagonjwa wa kifua wakae chumba kingine au nje kabisa, na bomba lisiguswe maana ukiligusa likiwa laini alama ya kidole inabaki hapo milele. Sasa kuna jambo linawachanganya watu. Bomba haliivi lote kwa pamoja. Kile kipande cha chini karibu na jiko kinapata joto siku ya kwanza, cha juu huko kwenye kona pengine hakijawahi kufika nyuzi 200 kwa sababu umekuwa unawasha moto mdogo, kwaiyo siku unayochochea moto mkubwa kwa mara ya kwanza harufu ya rangi inarudi unadhani ni tatizo jipya. Sio tatizo, ni kipande cha juu nacho kinaiva. Lakini ukichochea moto mkubwa wa namna ileile mara mbili tatu inatakiwa iwe imekwisha, na wewe unasema haiishi, kwaiyo hapo tunaachana na rangi.

Kuna vinukio vingine vya upya nitavipitia haraka. Mafuta ya kiwandani yanayopakwa chuma kisishike kutu, yananuka kama injini ya moto, moto mmoja au miwili yamekwisha. Udongo wa kuzibia viungo na gundi ya ile kamba ya mlango wa jiko, nayo inanuka kidogo ikikauka. Sufi ya mawe inayowekwa kuzunguka bomba, ile gundi iliyoshikilia nyuzi zake inaungua ikipata joto kwa mara ya kwanza na inaweza kunuka vibaya kwelikweli, lakini sufi yenyewe haiungui. Alafu kuna karatasi ya nailoni. Mabomba ya chuma kisichoshika kutu mengi yanakuja yamevalishwa nailoni nyembamba ya kuyalinda yasichubuke, na stika ya kiwanda juu yake, fundi mwenye haraka anabandua sehemu inayoonekana tu na ile iliyobanwa chini ya kibano anaiacha. Pitisha kucha pembeni ya kila kibano, jiko likiwa la baridi, ukikuta ukingo mweusi uliojikunja kama ngozi ya kidonda kilichokauka basi hiyo ni nailoni, ikwangue yote ukimaliza ufute na kitambaa. Hiyo nayo inanuka plastiki lakini inapungua, inateketea mwisho inakwisha.

Kuna kitu kimoja nakuomba ukiangalie hata kama hujakiuliza, hilo bomba jeusi ni chuma cheusi kweli au ni bati la mabati lililopigwa rangi nyeusi juu? Kwangua kidogo mahali pasipoonekana. Ukiona chini yake fedha inayong'aa yenye michoro kama maua ya barafu, hilo ni bati lenye zinki, halifai kabisa ndani ya nyumba kwenye jiko la kuni. Zinki inaanza kuharibika joto likizidi nyuzi 200 kwa muda mrefu na inayeyuka karibu nyuzi 420, na bomba la karibu na jiko likichochewa sana linafika kwenye joto la hatari. Mvuke wa zinki unamletea mtu homa ya kutetemeka saa chache baada ya kuuvuta, wachomeleaji wanaijua sana hiyo. Ukikuta ni bati, usijadiliane na mtu, libadilishwe.

Sasa tuje ukutani.

Harufu inayokuja moto ukiwa mkubwa tu, isiyopungua wiki ya tatu, na bomba linatoboa ukuta: mara nyingi nikikutana na hali hii nakuta nyuma ya kisahani kuna kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Cha kwanza ni povu la kupuliza, lile la kwenye kopo linalovimba likitoka, rangi ya njano njano. Fundi ametoboa tundu kubwa kuliko bomba, upepo unapita, anaona njia rahisi ni kupuliza povu likajaa, akaweka kisahani, kazi imependeza. Lile povu ni plastiki, halivumilii joto la bomba hata kidogo, linaanza kuharibika likifika kama nyuzi 100 hivi, na likishika moto linatoa moshi wenye sumu mbaya ikiwemo sayanidi. Cha pili ni silikoni ya kawaida ya bafuni. Hata ile nyekundu inayoandikwa ya joto kali kikomo chake ni karibu nyuzi 300, inafaa kuziba mvua juu ya paa sio kugusana na bomba tupu la ndani. Cha tatu ni waya wa umeme unaopita ndani ya ukuta na hakuna aliyekumbuka kuwa upo.

Huo waya niliwahi kuukuta kwa macho yangu. Niliitwa nyumba moja wanalalamika sebule inanuka samaki, wiki nzima wamesafisha jiko la kupikia, wamemwaga maji ya moto kwenye mabomba ya maji machafu, wamesogeza hadi makabati, samaki haonekani. Nikawaambia washeni moto kama mnavowasha siku zote. Baada ya nusu saa nikaanza kupapasa ukuta kwa nyuma ya mkono, nikienda polepole kuelekea kwenye bomba, na kwenye upande wa kulia ukuta ukawa wa moto kuliko kushoto, harufu nayo imekolea hapohapo. Tukazima swichi kubwa ya umeme, tukaacha jiko lipoe, nikafungua kisahani. Waya ulikuwa umelala juu ya mkono wa bati, lile ganda pana la bati linalopitisha bomba ukutani, ganda lake limelainika likagandamana na bati, na kipande kama urefu wa kidole shaba ilikuwa nje inang'aa. Waya wa kawaida wa nyumbani ganda lake limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto kupita kiasi nyingi zinanuka samaki au mkojo, kwaiyo mtu akiniambia samaki nje ya jikoni mi nafikiria umeme kwanza.

Na hata kama hakuna povu wala waya, kuna mbao. Kama ukuta wako una mbao ndani au fremu ya tundu ni ya mbao, harufu yake sio ya plastiki, ni tamu tamu kama maranda ya seremala yameachwa juani yakaanza kuungua. Bomba jeusi la ukuta mmoja, yaani lenye tabaka moja tu la chuma, linatakiwa likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua. La matabaka mawili sentimita 15 kwa mengi yake, na lile lililojazwa sufi katikati linaloruhusiwa kupita kwenye kuta na paa linahitaji kama sentimita 5 za hewa tupu kulizunguka. Soma kilichoandikwa kwenye bomba lenyewe au karatasi yake maana kila kiwanda kina kipimo chake na hicho ndicho kinachofuatwa. Mbao haihitaji kushika moto siku ya kwanza. Inapikwa kidogo kidogo kila jioni, inakuwa kahawia, inakuwa nyeusi, inageuka kama mkaa, na ikifika hapo inaweza kuwaka kwa joto ambalo mbao mpya ingelivumilia. Ndio maana nyumba inaweza kukaa miaka na bomba lililokosewa alafu siku moja ukuta unawaka usiku watu wamelala. Harufu ndiyo inayokuja mapema, kwaiyo tafadhali isikilize.

Kuangalia kwenyewe sio kugumu. Jiko likiwa limepoa usiku mzima, legeza skrubu za kisahani, kivute mbele, mulika na tochi kuzunguka bomba lote, juu, chini, pembeni. Unachotaka kuona ni mkono wa bati au tundu lililojengwa kwa ajili ya bomba, hewa tupu au sufi ya mawe, basi. Ukiona njano ya povu, mpira, gundi, waya, karatasi, au mbao iliyobadilika rangi, piga picha, rudisha kisahani na jiko lisiwashwe. Povu usilichokonoe ukaacha vipande, litolewe lote. Na kama bomba lenyewe linalotoboa ukuta ni lilelile jeusi la tabaka moja, halijabadilishwa kuwa la kupita ukutani, hata kama hakuna povu hiyo kazi imekosewa na inarudiwa. Hapo usikubali kuambiwa "limekaa wiki tatu mbona halijaungua".

Likisharekebishwa kuna jaribio dogo unaweza kufanya mwenyewe. Moto ukiwa umewaka vizuri kwa saa moja, weka kiganja ukutani karibu na kisahani, sio juu ya bomba. Ukiweza kukiacha hapo bila kuumia ni sawa. Ukishindwa kukiacha hata sekunde 5, ukuta unapata joto kuliko unavyotakiwa.

Harufu ya pili, ya masizi asubuhi jiko likiwa baridi. Hii ndio ile inayowafanya watu waoshe mapazia bure. Masizi yapo ndani ya kila bomba lililotumika, hata lako la wiki 3, swali ni kwanini hewa ya bomba inashuka ndani badala ya kupanda. Bomba lako linapanda kwa nje ya nyumba. Usiku linapoa, hewa iliyo ndani yake inakuwa nzito kuliko hewa ya sebuleni, inazama kama maji na kutokea kwenye jiko. Alafu unakuja wewe unawasha feni ya jikoni. Ile feni inatoa hewa nje, na hewa iliyotoka lazima irudi kutoka mahali, kama madirisha yamefungwa vizuri njia iliyo wazi kuliko zote ni bomba la moshi. Unavuta hewa kupitia masizi, inakuja na harufu yake yote. Umeniambia mwenyewe kuwa inazidi ukiwasha feni, kwaiyo hapa sina shaka kubwa. Jaribu kesho asubuhi, fungua dirisha moja la upande uleule wa jiko kabla ya kuwasha feni. Harufu ikikata, umeshapata jibu.

Dawa yake ina hatua. Ya bure ni kufunga matundu ya hewa ya jiko na dampa, kile kibati cha ndani ya bomba kinachobana moshi, jiko likishazima kabisa na kupoa (sio wakati makaa bado mekundu, nitalieleza hilo chini) na kufungua dirisha kidogo feni ikiwa inafanya kazi. Unapowasha moto asubuhi, washa kwanza karatasi moja iliyokunjwa juu kabisa karibu na mdomo wa bomba, ile hewa ya baridi ipate joto ianze kupanda, ndipo uwashe kuni, utaona hata moshi wa mwanzo haurudi tena usoni. Ya gharama ni kulivalisha bomba la nje, yaani kuweka lile lenye sufi katikati ili lisipoe haraka, na kuangalia urefu. Bomba linatakiwa litoke juu ya paa angalau sentimita 90 kutoka pale linapotobolea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka lilipo, iwe ni mgongo wa paa au ukuta wa jirani. Likiwa fupi, upepo ukipiga paa unajikunja na kusukuma moshi chini. Pia angalia kama juu kuna kofia, maana mvua ikiingia ikalowesha masizi ile harufu inakuwa mara mbili, na ndege nao wanapenda sana bomba lisilo na kofia.

Sasa hicho cha kahawia kinachochuruzika. Kiguse kikiwa baridi, kinanata? Kinanuka kama lami au moshi mkali uliokolea? Basi ni kreosoti, na kuonekana kwake nje kunaniambia mambo mawili kwa mpigo.

La kwanza, viungo vimefungwa kichwa chini miguu juu. Kila kipande cha bomba kina upande mwembamba uliokunjwa kunjwa na upande mpana. Kwenye jiko la kuni ule mwembamba unaangalia chini, kuelekea jikoni, unaingia ndani ya mdomo mpana wa kipande cha chini yake, ili majimaji yoyote yakishuka yabaki ndani ya bomba yakaungulie kwenye moto. Mafundi wengi wanafunga kinyume, na ukiwauliza wanakuambia wakifunga ulivosema moshi utatoka kwenye kiungo. Nimesikia hoja hii mara nyingi na naielewa inakotoka, lakini sio hivo bomba linavyofanya kazi. Bomba linalovuta vizuri, hewa ndani yake ina msukumo mdogo kuliko hewa ya chumbani, kwaiyo kwenye upenyo wowote ni hewa ya chumba inayoingia bombani, sio moshi unaotoka. Jiko likisharekebishwa unaweza kuliona hili kwa mshumaa. Moto ukiwa umeshika sawasawa, sogeza mshumaa kwenye kiungo, mwali ukiinama kuelekea kwenye bomba, bomba linavuta. Ukisimama wima au ukisukumwa kuja kwako, halivuti, hapo hata ukiziba viungo vyote kwa udongo hujatatua kitu, moshi utatafuta mlango wa jiko. Kila kiungo kiwe na skrubu 3 zimezunguka, zihesabu, nakuta mara kwa mara kuna moja au hamna kabisa. Kile kipande cha kulala kati ya kona na ukuta kiinuke kuelekea nje, kama sentimita 2 kwa kila mita, kisilale sawasawa wala kisiinamie nje, na kona zisizidi mbili.

La pili ni moto wenyewe. Kreosoti ni moshi uliogeuka majimaji kwa sababu umepoa ukiwa bado ndani ya bomba, chini ya nyuzi 120 hivi unaanza kuganda kwenye kuta za bomba. Unapoa kwa sababu bomba la nje ni baridi, hilo tumeshasema, na kwa sababu kuni zina maji. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji badala ya kukupa joto. Kuni nzuri unyevu wake uko chini ya asilimia 20, na ili zifike hapo zinahitaji kupasuliwa na kukaa kwenye hewa chini ya kivuli kwa miezi 6 mpaka mwaka, miti migumu zaidi ya hapo. Gonganisha magogo mawili, yakilia ng'ang' makavu, yakilia puu bado. Na usizoee kuubana moto ufukute usiku kucha kwa kufunga hewa karibu yote, moto wa namna hiyo ndio kiwanda cha kreosoti. Ikijaa bombani inashika moto yenyewe, bomba linanguruma kama treni inapita juu ya paa, ikitokea hivo funga hewa yote ya jiko, toa watu nje, piga simu zima moto, usimwage maji kwenye jiko.

Kwa wanaosoma wenye jiko la gesi, harufu ya mayai yaliyooza sio habari ya bomba kabisa, ni gesi inavuja, usiwashe wala kuzima taa, funga mtungi kama unafikika, fungua milango utoke nje. Gesi ya mtungi ni nzito inakaa chini sakafuni. Na kama kuna aliyepaka rangi au vanishi karibuni chumba chenye jiko, ule mvuke ukipita kwenye chuma cha moto unabadilika na kunuka ajabu, pengine bomba lako halina kosa, pisha hewa siku chache alafu usikie tena.

Dada, jambo la mwisho nalisema kwa uzito wake. Hizi harufu zote tulizozungumzia zinakusumbua lakini angalau zinakuambia zipo. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na inatoka kwa wingi hasa moto ukiwa unaelekea kuzima, makaa mekundu hayana moshi, bomba limepoa halivuti tena, na watu wameshalala. Ndio maana nilisema dampa lisifungwe makaa yakiwa hai. Bomba ambalo asubuhi linashusha hewa ya masizi sebuleni ni bomba ambalo saa 9 usiku linaweza kushusha hiyo gesi, njia ni ileile. Kwaiyo nunua kengele ya kaboni monoksidi, sio ya moshi, ni vifaa viwili tofauti, moja sebuleni mita 1 mpaka 3 kutoka kwenye jiko na nyingine karibu na mnakolala, angalia tarehe yake ya mwisho maana nazo zinachoka. Na ukiamka kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtoto amelegea, alafu mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani kuchunguza, nendeni hospitali mseme kuna jiko la kuni nyumbani ili wawapime damu. Inafanana na mafua ila homa hamna, na inawashika watu wote wa nyumba kwa pamoja.

Kwa mpangilio basi: leo jiko lisiwashwe. Kesho asubuhi fungua kisahani upige picha za nyuma yake, kwangua rangi kidogo uone kama ni chuma au bati la zinki, angalia upande mwembamba wa viungo unaelekea wapi na uhesabu skrubu, jaribu dirisha na feni. Fundi wako mwite aje aone picha hizo mbele yako, na usiende na hasira, muulize tu bomba linalopita ukutani ni la aina gani na karatasi yake iko wapi. Akiwa anajua kazi yake atakuonyesha. Kengele inunuliwe kabla ya moto wa kwanza baada ya matengenezo. Ukishafungua huko nyuma niandikie umekuta nini, na kama ukuta ni wa tofali tupu au una mbao ndani, maana hilo hukuniambia na ndilo litakaloamua kama kazi ni ya nusu siku au ni ya kubomoa tundu na kulijenga upya.